Sekunde Tatu za Edna Sugden

Mambo haya yaliwapata majirani zetu wa nyumba namba tisa, Mtaa wa Lark, mjini Keighley. Lorraine Sugden mwenyewe ndiye aliyemsimulia mama yangu, tena zaidi ya mara moja, akiwa amekaa jikoni kwetu na kikombe cha chai kilichopoa mkononi. Kila aliposimulia, hakuongeza neno wala kupunguza. Nami nitayasema kama alivyoyasema yeye.

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa Novemba, mwaka 1989. Manyunyu yalikuwa yakianguka tangu alfajiri, redio ilikuwa inatangaza mpira, na Lorraine alikuwa akipiga pasi. Mumewe, Nigel, fundi wa mashine kwenye kiwanda cha nguo za sufu, alikuwa mtu mpole asiye na ulevi wowote isipokuwa kompyuta. Aliiweka chumba cha nyuma, juu ya meza ya kushonea ya mkewe, akaiunganisha na televisheni ndogo ya zamani. Siku asizokuwa na zamu alikuwa akijifungia humo akitunga muziki wa milio milio uliomfanya Lorraine aseme nyumba yao imegeuka kiwanda cha filimbi.

Asubuhi hiyo alirudi kutoka kwenye mnada wa vitu vikuukuu katika ukumbi wa kanisa, akiwa amekumbatia kopo la biskuti.

"Nini tena hicho?" Lorraine aliuliza. "Mimi nilikutuma viazi."

"Viazi viko kwenye gari. Hebu ona hiki."

Ndani ya kopo mlikuwa na kisanduku cha plastiki ya kijivu, ukubwa wa chombo cha sabuni, kikiwa na waya mpana wa kuchomeka nyuma ya kompyuta na maikrofoni ndogo yenye waya mrefu.

"Kinanasa sauti," Nigel alisema, macho yakimng'aa. "Unaongea hapa, kompyuta inaimeza, halafu unaipiga kwenye vitufe kama kinanda. Hivi nimeviona magazetini tu."

"Kakuuzia nani?"

"Mama mmoja hivi. Hata hakuniuzia, alinisukumia tu mikononi. Nikamuuliza kinafanyaje kazi, akatikisa kichwa. Alikuwa amejifunga skafu mpaka hapa." Nigel akagusa chini ya kidevu. "Hakutamka hata neno moja."

Kompyuta za zama zile zilikuwa na kumbukumbu finyu. Sekunde tatu za sauti, nne ukijitahidi, basi imeshiba. Nigel alianza na birika. Lilipopiga mluzi jikoni, Lorraine akalisogezea maikrofoni, na kwenye kioo ukatokea mstari wenye meno kama msumeno. Nigel akabonyeza kitufe, birika likapiga mluzi kutoka chumba cha nyuma. Akabonyeza kingine, likapiga mluzi mzito kama meli. Walicheka mpaka machozi. Kisha wakamnasa mbwa wao, Bramble, akibweka. Nigel akabwekesha wimbo wa siku ya kuzaliwa. Baada ya hapo alizima mashine, wakaenda kununua nyama ya Jumapili.

Jioni, Lorraine aliteleka maji ya chai akaketi kusubiri mluzi. Akasubiri. Aliposikia harufu ya chuma kinachoungua alikimbilia jikoni akakuta maji yamekauka na kitako cha birika kimekuwa chekundu.

"Limeziba chokaa ya maji," Nigel alisema.

Bramble alikuwa dirishani. Paka wa jirani alikuwa akipita juu ya ukuta, naye mbwa alikuwa akirukaruka, manyoya yamemsimama, mdomo unafunguka na kufumba. Hakukuwa na mlio wowote. Sauti pekee iliyosikika ilikuwa ya meno yake yakigongana.

"Na huyu naye kaziba chokaa?" Lorraine aliuliza.

Walicheka kidogo. Hawakuendelea kulizungumza.

Kesho yake ilikuwa zamu ya kumkaribisha Edna, mama yake Nigel. Hapa lazima nimweleze Edna. Alikuwa mjane wa miaka sitini na minne, na kwa miaka ishirini na miwili ndiye aliyekuwa akitangaza namba za bingo, ule mchezo wa bahati wa kadi na namba, kwenye kilabu cha wafanyakazi. Walimwekea kipaza sauti, akakifunika kwa kitambaa cha meza kwa sababu hakukihitaji. Nigel alipokuwa mdogo, Edna alikuwa akisimama mlangoni anamwita mara moja tu, na mtoto anasikia akiwa ng'ambo ya reli. Alimlea peke yake, na kwa kiasi kikubwa alimlea kwa sauti ile. Lorraine alimpenda mkwe wake, lakini mara ngapi, akiosha vyombo Jumapili huku Edna akihubiri nyuma yake, aliomba kimoyomoyo huyu mama anyamaze japo dakika tano!

Siku hiyo Edna alikula nyama ya oveni na viazi, akamwagia mchuzi vikate vya Yorkshire vya unga na mayai mpaka vikaogelea, na hakupumzika kusema.

"Lorraine, kipenzi, mchuzi wako leo umesimama. Wa wiki iliyopita ulikuwa kama maji ya kuogea."

"Asante, Mama. Nikuongezee maji ya kuogea?"

"Mwone! Nigel, umesikia mkeo? Na huyu mbwa vipi, mbona ananitolea macho kama mdai? Hajambo?"

"Ana mafua, Mama. Njoo nikuonyeshe kitu."

Chumba cha nyuma kilikuwa kidogo, wakabanana watatu. Nigel alikaa kwenye vitufe. Lorraine ndiye aliyeshika maikrofoni, na jambo hilo hakulisahau maisha yake yote. Yeye ndiye aliyeishika na kuisogeza.

"Niseme nini?" Edna aliuliza.

"Sema kama uko kilabuni."

Edna alivuta pumzi, akakunjua mabega, na kwa ile sauti iliyowahi kuvuka reli akaita namba pamoja na jina lake la utani la bingo:

"Mabibi wawili wanene, themanini na nane!"

Mstari wenye meno ukajaa kioo chote. Nigel akabonyeza kitufe, na maneno yaleyale yakarudi. Akabonyeza cha juu, yakatoka membamba kama ya mtoto. Akabonyeza cha chini, yakatoka mazito kama ya mchimba makaa. Lorraine alicheka akijishika mbavu. Nigel alicheka. Edna naye alicheka, mabega yakitikisika, mkono kifuani.

Lorraine ndiye aliyenyamaza kwanza.

Edna alikuwa akicheka bila sauti.

"Mama, acha mzaha," Lorraine alisema.

Mdomo wa Edna ulisema kitu. Ulisema tena. Akajigusa koo. Akaupanua mdomo wote, mishipa ya shingo ikamsimama, uso ukawa mwekundu, na chumbani kukasikika tu saa ya ukutani ya sebuleni ikihesabu.

"Mama?" Nigel alisema.

Edna alikuwa akipiga kelele kwa nguvu zake zote. Waliona hilo machoni mwake.

Jumatatu asubuhi daktari alimwangaza kooni kwa tochi, akambinya shingo, akamwambia aseme "aaa". Akaandika kwenye karatasi yake kwa muda mrefu.

"Koo ni safi kabisa," alisema. "Nyuzi za sauti zinacheza vizuri. Inawezekana ni mshtuko. Apumzike wiki mbili, sauti itarudi."

Edna alichukua kalamu mezani kwa daktari, akaandika nyuma ya kadi ya bingo aliyoitoa mkobani, akampa Lorraine. *Haijapotea. Iko kwa Nigel.*

Walimrudisha namba tisa. Kompyuta ilikuwa bado inawaka tangu jana, kwa kuwa katika kihoro kile hakuna aliyekumbuka kuizima. Lorraine alisimama mbele ya kioo akiutazama ule mstari wenye meno, halafu akaukumbuka mluzi wa birika, na mbwa, na jinsi Nigel alivyozima mashine Jumamosi wakaenda zao buchani.

"Nigel," alinong'ona, "ukiizima hii, kilichomo kinakwenda wapi?"

"Kinafutika. Kumbukumbu inakuwa tupu."

"Basi usiiguse."

Nigel alijaribu kuihifadhi kwenye disketi. Mashine ikasema tayari. Alipoifungua ile disketi haikuwa na kitu ila mchakacho, kama mvua kwenye bati. Akajaribu disketi ya pili, na ya tano. Mchakacho. Sauti ilikubali kukaa mahali pamoja tu, ndani ya mashine iliyowashwa.

"Labda nikiipiga mbele yake," alisema. "Labda itajua njia."

Walimketisha Edna kwenye kiti nyuma yao. Lorraine aliipunguza sauti ya televisheni mpaka mwisho, kwa kuogopa kumshtua, akisema wataanza chinichini. Nigel akabonyeza kitufe.

"Mabibi wawili wanene, themanini na nane!"

Ilitoka kwa nguvu. Lorraine alinyoosha mkono kuipunguza televisheni, akakumbuka ameshaipunguza. Haikuwa na sauti kabisa.

Wakageuka polepole.

Edna alikuwa amekaa wima, mdomo wazi, mikono imebana kiti. Nigel, bila kujua anafanya nini, akabonyeza kitufe cha juu. Koo la mama yake likakaza, taya likashuka, na sauti ya mtoto mdogo ikatoka katika kinywa cha mwanamke wa miaka sitini na minne.

"Mabibi wawili wanene..."

"Acha!" Lorraine alisema. "Acha, acha."

Edna alikuwa akilia. Aliokota kadi na kalamu. *Inauma.* Kisha chini yake akaandika, *Tena.*

Jumanne walikwenda ukumbi wa kanisa kumtafuta yule mwanamke mwenye skafu. Mtunza ukumbi, Mzee Ramsden, alikuwa akifagia.

"Meza ya karibu na mlango wa jikoni?" alisema. "Pale hapakuwa na muuzaji. Tulitundika makoti."

"Nilimwona," Nigel alisema. "Nilisimama naye."

Mzee Ramsden aliacha kufagia. "Wewe nilikuona, ndiyo. Umesimama kwenye makoti unaongea peke yako. Nikasema huyu kalewa asubuhi hii."

Walirudi nyumbani. Chumba cha nyuma kilikuwa na joto, na kilianza kunuka plastiki iliyochemka. Nigel alielekeza feni kwenye mashine. Edna aliketi mbele ya kioo, mkono juu ya televisheni, kama mtu anayemlinda mgonjwa. Walipokezana zamu za kukaa naye. Hakuna aliyethubutu hata kufyonza vumbi la zulia kwa mashine, wasije wakaunguza fyuzi.

Jumatano mchana, karatasi ilipenyezwa chini ya mlango. Ilikuwa ya watu wa umeme. Alhamisi, kuanzia saa nne asubuhi hadi saa nane mchana, Mtaa wa Lark hautakuwa na umeme kwa sababu ya matengenezo ya nyaya. Samahani kwa usumbufu.

Lorraine aliisoma mara tatu. Nigel alipiga simu kila namba iliyoandikwa chini yake. Kila aliyepokea alimwambia awasiliane na mwingine, na wa mwisho akamwambia ofisi imefungwa.

Asubuhi ya Alhamisi gari la mafundi lilikuwa limeshaegeshwa saa tatu na nusu, na barabara ilikuwa imechimbwa. Lorraine alitoka na ndara kwenye baridi. Msimamizi wao aliitwa Barraclough, mtu mnene mwenye kofia ya sufu.

"Dada, ni muda wa saa nne tu. Kwa baridi hii hata maziwa yako hayaharibiki."

"Si maziwa. Kuna mgonjwa ndani. Kuna mashine ambayo haitakiwi kuzimwa hata nukta moja."

Barraclough alimtazama usoni. Lolote aliloliona pale lilimfanya avue kofia.

"Sasa mbona hamkusema mapema? Sikiliza. Hakuna kinachozimwa mtaani hapa mpaka niamuru mimi. Naagiza jenereta, tutaiunga kwenye nyumba yako kabla ya kukata. Wewe rudi ndani, ukamtulize mgonjwa wako."

"Unaniahidi?"

"Neno langu, dada."

Lorraine alirudi ndani. "Wamekubali," aliwaambia. "Wanaleta jenereta." Nigel alifunika uso kwa mikono. Edna alimshika Lorraine mkono akaubusu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya katika miaka saba ya ndoa ya Lorraine na Nigel. Kisha akaandika. *Bonyeza.*

"Inakuumiza, Mama," Nigel alisema.

Edna aligonga kidole cha shahada juu ya kadi. *Bonyeza.*

Alitaka kuisikia sauti yake. Nani angemnyima? Ilikuwa saa nne na dakika kumi. Nigel alichagua kitufe cha katikati, kile cha sauti yake halisi. Edna akanyoosha mgongo. Nigel akabonyeza.

"Mabibi wawili wanene, themanini na..."

Feni ikaanza kupunguza mwendo.

Picha kwenye kioo cha televisheni ilijikunja ikawa nukta nyeupe. Nukta ikafifia. Mdomo wa Edna ulibaki wazi palepale neno lilipokatika. Ndani ya nyumba kukawa kimya, na huko nje barabarani akasikika Barraclough akipiga kelele kwenye redio ya mkononi, sauti imempanda, "Si mimi! Mimi sijaamuru! Nani kagusa? Nani kazima huko?"

Nigel alikuwa akibonyeza vitufe. Kimoja baada ya kingine. Vyote.

Hapo simu ikalia.

Si yao. Ilikuwa ya nyumba namba moja, mwanzo wa mtaa. Mlio mmoja, miwili, mitatu, ikakatika. Ikalia ya namba tatu. Ikakatika. Ikalia ya namba tano. Mtaa mzima haukuwa na redio wala televisheni inayolia, na katika kimya kile walisikia simu zikija, nyumba kwa nyumba, upande wetu wa barabara, kama mtu anayebisha hodi akitafuta mlango anaoujua.

Namba saba.

Bramble alinyanyuka, masikio yamesimama.

Kisha simu yao, kwenye ukumbi wa mlangoni.

Lorraine aliikimbilia. Akaunyanyua mkono wa simu. Hakuna aliyesema. Ila kulikuwa na pumzi. Ndefu, ya kifua kipana, ikivutwa ndani taratibu, pumzi ya mtu anayejiandaa kuita kwa mbali. Aliijua pumzi ile. Aliisikia kila Jumapili kwa miaka saba.

"Mama!" alimwita Edna. "Njoo! Njoo upesi!"

Edna alikuja akijigonga kwenye ukuta. Lorraine alimwekea simu sikioni. Uso wa Edna ukabadilika. Alisikiliza. Akatikisa kichwa kukubali, mara nyingi, kwa kasi, machozi yakimtiririka, mdomo ukisema neno moja tu, tena na tena, na Lorraine alilisoma neno hilo midomoni. *Mimi. Mimi. Mimi.*

Lakini halikutoka. Huko upande wa pili hakikufika kitu ila ukimya.

Lorraine alimpokonya simu. "Yuko hapa!" alipiga kelele. "Edna yuko hapa, ndiye huyu!"

Simu ilikuwa imeshakatika.

Na nyuma ya ukuta, kwetu namba kumi na moja, ikaanza kulia.

Mama yangu aliipokea. Alisikia mtu akivuta pumzi, akasema "Haloo? Haloo?" na ikakatika. Alipofungua mlango ili aulize majirani, alimkuta Lorraine barabarani na ndara, akikimbia kutoka mlango hadi mlango, akipiga vioo kwa viganja, akiwasihi watu wasikate, wamwambie anayepiga asubiri. Barraclough na mafundi wake walikuwa wamesimama na makoleo mikononi, wakimtazama. Namba kumi na tatu. Kumi na tano. Kila alipofika, mlio ulikuwa umeshahamia mbele. Mwisho wa mtaa mlio uligeukia Mtaa wa Mill, wakausikia ukififia huko, kisha hawakuusikia tena.

Umeme ulirudi saa nane. Nigel aliiwasha kompyuta, na ilikuwa tupu, kama mpya. Aliponyoosha mkono kuking'oa kile kisanduku hakukikuta. Waya mpana uliokuwa umechomekwa haukuwapo, wala kopo la biskuti.

Edna alihamia namba tisa. Waliweka kiti chake ukumbini, kando ya simu, na hapo ndipo alipoishi. Ilipolia alikuwa akiirukia, anasikiliza, halafu anampa Lorraine taratibu. Aliyepiga alikuwa fundi wa umeme, au dada wa Lorraine, au mtu aliyekosea namba. Edna alifariki miaka minne baadaye, mchana, kwenye kiti kile. Nigel na Lorraine waliuza nyumba wakahamia pwani, na nasikia huko hawana simu.

Lakini kuna jambo moja ambalo Lorraine hakuwahi kulisimulia, kwa sababu mama yangu hakumwambia. Alasiri ile ya Alhamisi, alipokwenda kununua mkate, mama alipita kwenye kibanda cha simu kilichopo kona ya Mtaa wa Mill na barabara ya stesheni. Kilikuwa kitupu, mlango umefungwa, mkono wa simu uko mahali pake. Kioo cha upande mmoja kilikuwa na ukungu kwa ndani, duara dogo, usawa wa mdomo wa mtu mzima. Alifungua akaufuta kwa mkono wa koti, akagusa simu, akaikuta na joto. Kabla hajafunga mlango, duara lilikuwa limerudi.

Kioo kile walikibadilisha mara mbili. Nilipokuwa nikienda kazini nilikuwa nikipita hapo kila siku, majira ya baridi na ya joto, mpaka walipokuja kukiondoa kibanda chenyewe. Hata mchana wa Julai, jua limewaka, nilikuwa nikiliona lile duara likipanuka kidogo, likinywea, likipanuka tena.